Kikwembe Kilichofuliwa Peke Yake

Ninyi mliokulia Majengo, hapa Goma, enzi zetu mtanisaidia pale nitakapokosea, maana ninaandika haya kwa kichwa tu. Nakumbuka tulivyokuwa tukicheza nzango juu ya mawe meusi ya volkano, miguu mitupu, tukiruka na kupiga makofi mpaka jua lijifiche, na hakuna aliyelalamika kwamba nyayo zinamuuma. Leo binti yangu Gloria akitoka nje bila kandambili hupiga kelele utadhani amekanyaga makaa. Namwambia mawe ni yaleyale, ananijibu kwamba miguu siyo ileile. 

Tulikuwa tukitoka shule tunapitia ziwani tukiwa na mabidoni, yale madumu ya plastiki, tunachota maji, tunapandisha nayo kichwani hadi nyumbani. Huko tunakuta viazi vya Kibumba vimechemshwa na sambaza, dagaa wa ziwa letu, zimekaangwa zinalia chini ya jino. Mjomba akitelemka toka Masisi na kibuyu cha mashanza, tulikunywa maziwa yale machachu mpaka tukabaki na ndevu nyeupe kama wazee. Viazi havikukosekana kwetu kwa sababu papa, yaani baba yangu, alivichuuza. Alivitelemsha juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, akifika amefunikwa vumbi mpaka kope, na kitu cha kwanza alichouliza mlangoni ni kama mama amekula.

Lakini kinachonirudia zaidi, hasa mvua inapopiga bati mchana, ni ile kuvreli. Ndivyo tulivyoita tandiko la juu ya kitanda. Hii ya mama zetu haikununuliwa dukani. Ilikuwa ya vipande vidogo vidogo vilivyoungwa kwa mkono, sindano na uzi tu, na waliishona mama wote wa shirika letu, yaani zile nyumba jirani zilizokuwa zikisali pamoja kila juma.

Aliyeianzisha ni Mama Koleta, mwanamke wa upande wa Bukavu, mnene, mwenye sauti iliyofika mpaka barabarani. Katika usichana wake alikuwa amefundishwa kushona na masista. Jumamosi baada ya chakula mama zetu walijaa katika baraza lake, na sisi watoto tulikuwa na kazi zetu. Wengine walikata makartoni ya sabuni kwa kufuata kipimo chake, vipande vyembamba vilivyochongoka huku na huku. Wengine tulitia uzi kwenye sindano, maana macho yetu yalikuwa makali na ya mama zetu yalikwisha liwa na moshi wa jikoni. Kila kartoni ilivalishwa kitambaa, ikaungwa na mwenzake kwa mishono midogo ambayo ungeitafuta bila kuiona, halafu kartoni ikachomolewa kwa nyuma. Vipande vinane vikikutana ncha kwa ncha, tayari ni nyota. Kati ya nyota na nyota kulikuwa na kitambaa cheupe cha amerikani. Mama Koleta alipita nyuma ya kila mtu akiinama kuchungulia, na mshono ukimchukiza aliufumua hapohapo.

"Weye, hii ni kushona ao ni kufunga mufuko ya makala?"

Basi wote wangecheka kwa gunia hilo la mkaa, na aliyefumuliwa angecheka kuliko wote ili asilie.

Mama Koleta aliweka sharti moja. Nyota ya kila mama ilipaswa kutoka katika kikwembe chake cha ndoa, kile kitenge alichopewa na mume wake siku ya kuolewa. Na sikukuu ya parokia, wakati mashirika yote yangeonyesha kazi za mikono katika sale kubwa, ule ukumbi wa kanisa, kila papa angesimama mbele ya nyota ya mke wake na kueleza alikitoa wapi. Wanaume walilipenda jambo hilo kupita kiasi. Mwanaume wa enzi zetu hakujua kumsifu mke wake hadharani, lakini kusifu kitambaa alichokinunua yeye mwenyewe, hapo ulimi ulifunguka.

Papa ndiye aliyekuwa na hadithi ndefu kuliko wote. Tuliisikia kila Noeli, mara tu tukirudi misa. Kabla ya kuoa alifika na viazi mpaka Bunagana, kule mpakani na Uganda, akauza vyote. Roho yake ilitaka baiskeli. Akaiona, akaishika hata usukani. Halafu mfanyabiashara mmoja akamkunjulia kikwembe chekundu, waksi ya kweli ya Olande, yaani ya Uholanzi, vipande vitatu vya mtindo wa mwaka ule, na papa akaiacha baiskeli na kurudi kwa miguu na kikwembe kifuani chini ya koti. Hapo papa huinuka, huchukua pindo la kikwembe mwilini mwa mama, hulipindua.

"Muangalie mbele, muangalie nyuma. Kuko tofauti? Hakuna. Njo waksi ya kweli!"

Njo yetu ni ndiyo, naye huivuta. Mama hucheka na kumpiga mkono amwachie nguo. Alikipenda kikwembe kile. Alikivaa misa kubwa tu, akirudi alikikunja kabla hata ya kuonja chakula. Na alikifua peke yake, katika beseni lake, nyuma ya nyumba, na maji yake aliyamwaga mwenyewe. Nikitaka kumrushia humo blauzi yangu ya shule alinikamata mkono.

"Neema, hapana. Kikwembe ya ndoa haifuliwe na ingine. Njo desturi ya kwetu Masisi."

Nikaamini. Mtoto huamini beseni kama anavyoamini kengele ya kanisa.

Siku ya kutoa vitambaa mama alichelewa kufika kwa Mama Koleta, na hiyo haikuwa tabia yake. Alikuwa amekata kona ya kile kipande cha tatu, kile kipya ambacho hakijawahi kuvaliwa wala kuguswa na maji, alichokihifadhi sandukuni. Mama Koleta alipoiona rangi ile alipiga kelele ya furaha, akasema nyota hii inakwenda katikati.

"Weka yangu pembeni," mama akasema.

"Mama Neema, rangi kama hii unaificha pembeni juu ya nini?"

 Basi nyota nyekundu ikashonwa katikati, na nyingine zote zikaizunguka, ya bluu ya Mama Koleta, ya njano yenye majani ya kijani ya Mama Sifa, na za wengine ambao wengi wao sasa nawakumbuka kwa nyota kuliko kwa sura.

Mama Sifa lazima niwaeleze. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na yeye na mama hawakuwa wakisalimiana vizuri. Mnajua Goma yetu, ziwa lipo lakini maji ni ya kubeba, kwa hiyo mvua ikinyesha kila mtu anategesha pipa chini ya bati. Mume wa Mama Sifa alipotengeneza bati lake, maji yaliyokuwa yakianguka kwetu yakahamia kwao. Tangu hapo wanawake wale wawili waliketi baraza moja, wakashona kuvreli moja, na kila mmoja akapitisha mkasi kwa mwenzake bila kumtazama usoni.

Kazi ilipokwisha kuvreli ilinuka. Miezi yote ile ya moshi, mikono yenye mafuta, watoto wachanga waliolazwa juu yake, na vumbi la volkano yetu Nyiragongo linaloingia hata kwenye sukari. Mchana wa kuamkia sikukuu Mama Koleta akasema twende tukaifue ziwani.

"Tuikung'ute tu," mama akasema haraka. "Jua iko kidogo, haitakauka."

"Jua iko mingi."

"Sabuni itakula nyuzi."

"Mama Neema, kitu ya kupeleka mbele ya batu haiwezi kunuka moshi kama sombe ya jana. Bebeni!"

Kwa kisamvu hicho cha jana mama alishindwa. Mimi nilimwonea haya. Nilidhani ni uvivu.

Waliifua kwa kuimba, wameshika pembe zote, wakaikamua na kuitandaza juu ya mawe meusi ya ufukoni. Ilipendeza jamani. Kwenye mawe yale nyota ziliwaka zote kwa pamoja, na sisi watoto tulitulia, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Halafu nikaona wekundu unatembea. Ulitoka kwenye nyota ya katikati, ukaingia taratibu katika amerikani nyeupe, kama juisi ya tunda lililopasuka, ukazidi kupanuka mbele ya macho yetu. Nyota nyingine zote zilikuwa zimetulia mahali pake. Hii moja tu ndiyo iliyokuwa ikichuja.

Kila mwanamke pale alikuwa amevaa vikwembe tangu alipovunja ungo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Waksi ya kweli haichuji hivyo. Papa alikuwa ameuziwa uongo Bunagana, mbele na nyuma.

Mama alibaki amesimama, mikono inamdondoka maji. Sikuwahi kumwona hivyo, hata msibani. Alisema kwa sauti ndogo yenye machozi, siyo kwa mtu fulani:

"Kesho Papa Neema atasimama pale katikati. Mbele ya batu yote. Atasema ile maneno yake."

Ndipo nikaelewa anacholilia. Hakulilia kitambaa. Alimwona papa, na koti lake la kwenda misa, akiinua kidole kuonyesha waksi ya kweli, na sale nzima ikitazama doa.

Mama Sifa alikuwa amekaa juu ya jiwe, sketi imefungwa magotini. Nilimwona anafungua mdomo, nikajua tumekwisha. Yale maji ya mvua yote yangelipwa leo.

"Ile kipande ingine, ile mupya, iko wapi?" akauliza.

"Iko mu sanduku," mama akasema.

"Ilete. Na miye naenda kuleta sufuria yangu ya maharagi, ile kubwa. Kama imechuja kidogo ni haya. Ikichuja fasi yote, ni rangi."

Fasi yote, yaani kila mahali! Sijui kama mmewahi kuona wanawake wakikimbia na kitu kimoja akilini. Moto ukawashwa palepale ufukoni kati ya mawe matatu. Kikwembe kipya cha mama, kile ambacho kilikuwa hakijawahi kufunuliwa mbele ya macho ya watu, kikazamishwa katika sufuria ya maharagi pamoja na chumvi, kikachemka mpaka maji yakawa kama damu ya ng'ombe. Mama mwenyewe ndiye aliyekoroga. Mama Koleta aliitazama amerikani yake nyeupe kwa mara ya mwisho, maana aliipenda kama anavyoipenda nafsi yake, akageuza uso na kusema, "Tieni." Wakaichovya kuvreli upande baada ya upande, wakaigeuza, wakaipoza, wakairudisha juu ya mawe. Nyeupe yote ilikuwa imegeuka rangi ya ndani ya pera lililoiva. Nyota za waksi hazikuguswa sana, ila ile ya njano ya Mama Sifa ilipata wekundu kidogo pembeni, naye akasema ilikuwa ikihitaji.

Mama Koleta akatugeukia sisi watoto. Akachomoa sindano kolani mwa blauzi yake, akaiinua juu.

"Mutoto mwenye atafungua kinywa, hii sindano na uzi wake viko tayari."

Ninavyoandika haya bado najishika midomo.

Kesho yake sale ilijaa. Mashirika mengine yalileta vikapu, mito yenye maua ya kufuma, vitambaa vya meza. Kuvreli yetu ilitundikwa kwenye kamba toka ukuta hadi ukuta, na mwanga wa dirisha ulipoipiga watu walianza kuvutana mikono. Papa mmoja baada ya mwingine alisimama. Mume wa Mama Koleta, karani aliyezoea kuandika kuliko kusema, alisema maneno mawili akakaa. Mume wa Mama Sifa alisahau kabisa alinunua wapi, na mke wake akamkumbusha kwa sauti, tukacheka mpaka padri akajifuta macho.

Halafu papa. Alipita mbele taratibu, akasema Bunagana, akasema baiskeli, akasema alivyotembea na kikwembe chini ya koti. Akaigusa nyota kwa ncha ya kidole.

"Muone benyewe. Bibi yangu amekivaa miaka yote hii. Haijatoka hata tone moja. Njo waksi ya kweli!"

 Mwanamke mmoja wa shirika letu akakohoa. Nikamtafuta mama, alikuwa akitazama viatu vyake na mabega yanamtikisika, na mpaka leo sijui kama alicheka au alilia. Ndipo Mama Sifa akapiga makofi, yeye wa kwanza.

"Ya kweli kabisa, Papa Neema! Ya kweli!"

Wenzake wakamfuata, kisha sale nzima, na papa akainama kidogo kama mtu mkubwa. Baadaye padri aliuliza ile amerikani ya rangi nzuri hivi wameipata duka gani. Mama Koleta akamwambia ni siri ya shirika.

Siku ile jioni papa alitembea mbele yetu kuelekea nyumbani, mikono nyuma, akisalimia watu ambao hawakumsalimia. Nami nikaona mama na Mama Sifa nyuma yetu wanakwenda sambamba, wakizungumzia maharagi.

Kuvreli ile haikuwekwa kabatini. Mama aliyejifungua katika shirika alipelekewa, mtoto akalazwa juu yake mpaka akaze shingo, kisha ikafuliwa na kungoja mwingine. Mdogo wangu alilalia nyota ya kwetu. Kile kipande kilichochemshwa, kilichobaki na rangi hafifu, mama alikifanya ngobo ya kumbebea mgongoni. Papa alikiona mgongoni mwa mama asubuhi moja. Alikitazama, akakaza fundo lililokuwa limelegea, akaenda kwenye viazi vyake. 

Volkano iliposhuka mjini, kuvreli ilikuwa kwenye nyumba ya mama mmoja aliyekuwa amezaa juma lile. Mama na mtoto walitoka salama. Tuliporudi, Mama Koleta alikwenda kusimama pale nyumba ilipokuwa, juu ya mawe mapya ambayo bado yalikuwa na joto, akazunguka kama mtu aliyeangusha sindano. Hatukuiona tena. Nimeona mengi yaliyopotea katika mji huu, na sitaki kuyahesabu, lakini kuvreli ile naitamani. Naitamani kwa mikono. Ningeweza kukuonyesha gizani ilipokuwa nyota ya nani.

Nilipoolewa nilipata kikwembe changu, na nilikifua peke yake, katika beseni lake. Mama mkwe wangu akaniangalia siku kadhaa, akauliza juu ya nini napoteza maji. Nikamwambia ni desturi ya Masisi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Yeye mwenyewe alizaliwa Masisi, mama yake na bibi yake pia, na desturi hiyo hakuwahi kuisikia. Nilibaki nimeinama juu ya beseni, na ndipo nilipoelewa. Mama hakuijua aibu ile kwa mara ya kwanza kule ziwani. Aliijua tangu mara ya kwanza alipokifua kikwembe, akiwa bibi harusi mpya, na maji yakageuka mekundu mbele yake. Miaka yote aliyamwaga mwenyewe, nyuma ya nyumba, kabla papa hajarudi.

Siku hizi vijana wetu wanalalia mablanketi yenye picha ya chui, na chui mwenyewe ana sura ya mtu aliyekosa usingizi. Yana joto, sikatai. Kwenye maonyesho wanapita na simu, wanapiga picha kitambaa ambacho hawajakigusa, na kabla ya kufika nyumbani wamesahau ni cha nani. Gloria ni mtoto mzuri, lakini kwake nguo ni nguo. Hutumbukiza zote katika beseni moja, soksi na kitambaa cha altare, akasambaza sabuni ya unga na kurudi kwenye simu yake. Sisi tulijua kila nguo ya nyumbani ilitoka wapi na ilimgharimu nani usingizi. Labda hawana kosa. Labda hakuna aliyewahi kutembea toka Bunagana kwa ajili yao.

Papa alitutoka, na mama anaishi nami. Hasikii vizuri, ila macho bado yapo. Juzi Gloria alikuwa akifua uani, mama ameketi kivulini. Nikamwona mtoto anakichukua kile kikwembe chekundu cha zamani, sasa chembamba kama utando, anataka kukitupia pamoja na shuka nyeupe.

"Hapana!" mama akapaza sauti. "Ile yake yenyewe. Peke yake."

Gloria akaniangalia, nami nikamwonyesha kwa macho afanye anavyoambiwa. Akakitia katika beseni dogo, akakisugua, akakikamua. Nikasogea kuchungulia. Maji yalikuwa safi, unaona mpaka chini ya beseni. Rangi yote ya kuchuja ilikwisha kutoka zamani.

"Koko, haitoe tena rangi," Gloria akasema kwa sauti kubwa ili bibi yake asikie. "Tunaweza kuichanganya."

Mama aliyatazama maji yale.

"Papa Neema atasema nini?" akauliza.

Gloria akakianika peke yake.